Mrejesho: Kupiga picha viwanda vya zamani na fukwe tupu Mwanza
Wakuu, niliomba ushauri wa kupiga picha viwanda vya zamani vya Mwanza na fukwe zikiwa hazina wageni. Asanteni sana.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni ule ushauri wa kuanza kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoa kamera. Alinipeleka mwenyewe hadi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Ilikuwa Aprili, ununuzi wa pamba haujafunguliwa, mashine zimelala. Fundi mmoja mstaafu akanionyesha rola, yaani silinda zinazozunguka, zinazovuta nyuzi na kuacha mbegu nyuma. Picha za mikono yake ndizo ninazozipenda zaidi.

Kiwanda kimoja cha nguo kilinikatalia hata nilipokuwa na barua, kwa hiyo huko nina ukuta wa nje tu. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kusafiri ziwani mwaka 1961, nimeipiga kutoka ufukweni karibu na jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliomo ziwani.

Aliyesema niende fukweni baada ya mvua ya asubuhi, shikamoo! Vumbi hakuna, na milima ya ng'ambo inaonekana wazi. Ila bebeni mfuko wa kufunikia kamera, wadudu wa ziwani jioni ni wengi mno.