Kuhamia mji wa pwani katika umri wa makamo

Swali: Ndugu zangu, nina miaka 52, na mimi na mwenzangu tunakusudia kuhamia pwani. Tuchunguze nini kabla ya kununua nyumba?

Jibu: Ndugu, pangeni nyumba ya kukodi kwanza, tena msimu wa mvua, maana mji uliochangamka wakati wa wageni huweza kuwa mkiwa wakishaondoka. Tazameni bawaba za madirisha: chumvi hula chuma, na kutu itawaeleza gharama za matengenezo kuliko dalali yeyote.

Jibu: Naongezea mwinuko wa ardhi. Usawa wa bahari duniani ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, kwa hiyo nendeni ufukweni wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, mwone maji yanafika wapi.

Jibu: Kwangu mimi, hospitali ndiyo ya kwanza.