Tupeane uzoefu: unauza nyumba na kazi unafanyia humohumo ndani, mnawezaje?

Bint Segerea
Wadau habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu maana mimi huku nakaribia kuchanganyikiwa. Tunauza nyumba yetu Segerea, vyumba vitatu kimoja masta, ina ukuta na kisima, hati ipo. Mume kahamishiwa Dodoma tangu mwaka jana, mimi na watoto tumebaki tunasubiri iuzwe ndo tumfuate. Sasa kazi yangu ni ya kwenye laptopu, nahudumia wateja wa kampuni ya nje kwa simu, na kwa sababu ya masaa ya Marekani zamu inaanza saa 11 jioni mpaka saa 7 usiku, asubuhi niandae watoto wa shule halafu ndo nirudi kitandani. Dalali yeye anajua sentensi moja tu, "dada si upo nyumbani". Saa 4 asubuhi geti linagongwa, watu watano, nimetoka na khanga macho mekundu, mama mmoja ananiangalia kisha anamuuliza dalali kwa sauti, "mwenye nyumba anaumwa?"

Juzi ndo ilikuwa kali. Niko kwenye zamu, nimevaa hedifoni, mzee mmoja kaja jioni akapita nyuma yangu anapima sebule kwa hatua, moja, mbili, tatu, nne, sauti kama anahesabu mbuzi wake, mteja wangu kule ananiuliza huyo nyuma yako anahesabu nini. Na simu zote zinarekodiwa. Nikamwonyesha mzee kwa mkono kwamba niko kazini, akanijibu "endelea tu mwanangu, hunisumbui".

Mnapangaje? Dalali mmoja au wengi? Na mnawaambia nini watu wasioamini kwamba mtu aliyekaa mezani kwake na kompyuta yuko kazini?

kokoto nyeusi
Weka Jumamosi na Jumapili basi. Mtu mwenye milioni mia atashindwa kusubiri Jumamosi? Anayeng'ang'ania Jumanne saa 4 asubuhi hana hela huyo, ana muda.

Bint Segerea
Jumapili niko kanisani mpaka saa 8 kaka. Na Jumamosi dalali anasema wateja wake wanakuwa kwenye harusi na misiba 😂

Mzee wa Goba
Pole mwanangu. Mimi nilistaafu, nikawa nafanyia watu hesabu za biashara zao nyumbani, na nyumba ya Goba nikaiweka sokoni wakati huohuo. Kwa miezi minne nililetewa watu, na kwa vile kazi yangu ni kuhesabu nilikuwa nawaandika kwenye daftari, walifika 31. Hakuna hata mmoja aliyerudi mara ya pili. Nikawa nailaumu nyumba, nikapaka rangi, nikabadilisha sinki la jikoni, wapi. Siku moja kaja kijana na mkewe, dalali akapigiwa simu akatoka nje, yule kijana akaniuliza kwa adabu kabisa, "mzee, hii elfu 20 tuliyompa ya kuonyeshwa nyumba, huwa mnagawana?"

Nilikaa chini. Piga hesabu 31 mara elfu 20. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mafaili, nafungua geti, nafunga mbwa, nawapa watu maji ya kunywa maana huwezi kumwacha mgeni na kiu, kumbe mwenzangu anakatisha tiketi. Na baadaye jirani akanipa la pili, kwamba kwangu ndo walikuwa wanaletwa kwanza kwa sababu bei yangu ilikuwa juu, wakitoka hapo wanapelekwa nyumba nyingine chini kule ya bei ndogo wanaona wameokota dodo. Yangu ilikuwa ya kutishia tu.

Nikaweka utaratibu. Haingii mtu ambaye sijaongea naye mwenyewe kwa simu. Namtumia video ya dakika tatu, vyumba vyote mpaka paa, nikimaliza nampa namba ya hati aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi, ahakikishe hati ni ya nani (namba tu, kopi usitoe hovyo) na namwonyesha kodi ya ardhi imelipwa. Akirudi na majibu ya upekuzi ndo nafungua geti. Wengi hawarudi, na hao wachache wanaorudi hata maswali yao ni mengine, wanauliza mpaka wa kiwanja uko wapi na jirani ni nani, hawaji kubonyeza bomba la choo. Niliuza kwa mtu wa nne tangu nianze hivyo.

Halafu jambo moja kwako, mume akiwa Dodoma aandae maandishi ya ridhaa mapema. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja, hiyo iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, na mnunuzi anayejielewa ataiulizia. Usije ukamtoa mtu Dodoma usiku kwa ajili ya saini.

mama wawili
Hiyo ya elfu 20 nimecheka kwa uchungu. Dalali wangu nimempa asilimia 5 kwa mkataba halafu leo ndo najua anakula huku na huku.

Cherehani Nne
Mimi Mwanza, Nyegezi, fundi cherehani, sebule yote ni karakana, cherehani nne na meza ya kukatia, na wasichana wawili wananisaidia. Kila anayekuja kuangalia nyumba anakuta vitambaa vimemwagika mpaka mlangoni, mwanzoni nilikuwa nasitisha kazi tunakusanya kila kitu, tunafagia, wakiondoka tunatandaza upya, nusu siku imekwenda. Nikachoka nikasema waione hivyohivyo.

Sasa sikia. Wanawake wakija na waume zao, mume anaenda kuangalia tangi la maji, mke anabaki na mimi anashika vitenge. Mpaka leo nyumba haijauzwa ila nimepata wateja sita, mmoja kaniletea sare za kwaya nzima. Mume wangu anasema tusiharakishe kuuza 😂😂

chumvi ya pwani
Mie niko Kisauni, Mombasa. Nasomesha wageni Kiswahili kwa Zoom, na nauza nyumba ya marehemu mama. Sasa hii ni nyumba bila ardhi, wenzetu wa bara huenda hamuijui, huku pwani ni kawaida, nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mtu mwengine na wewe wamlipa kodi ya kiwanja. Kila broka akileta mtu lazima nianze kueleza upya, wauza nyumba au wauza na ardhi, mwenye ardhi ni nani, akikataa mnunuzi itakuwaje. Na hayo maelezo hayangoji darasa liishe.

Siku moja nina mwanafunzi wangu Mjerumani, mtu mzima, kaja mama mmoja na nduguze wamesimama mlangoni washaanza kuteta bei. Nikamuomba radhi yule Mjerumani nizime kipaza sauti, akanambia tafadhali usizime, huku ndiko kujifunza. Basi akasikiliza yote, punguza, siwezi, maneno ya mwisho, hayo si maneno ya mwisho, mpaka wakaenda zao. Darasa lililofuata alikuja na daftari, swali la kwanza: yule mama alisema nyumba imekaa vibaya, nyumba inakaaje? Nilieleza nusu saa nzima na sina hakika kama alielewa.

Lakini nakwambia ukweli si wote watakuwa kama yeye. Kuna mzazi alinitolea mwanawe darasani kwa sababu ya kelele za watu. Hiyo ilinilipisha.

Mtoto wa Mbagala
Angalieni vifaa vyenu. Mimi alikuja "mnunuzi" kijana msafi na saa ya maana, hakuuliza hata bei, akauliza intaneti hapa ina kasi, na hii kompyuta ni ya mwaka gani, mimi nikajibu kwa kujisifu kabisa. Wiki ya pili nikaamka dirisha la chumba cha kazi halina nondo mbili. Laptopu, kamera, na kazi ya mteja ya wiki tatu. Sina ushahidi kwamba ni yeye ila tangu siku hiyo mtu akija nafunga kila kitu kabatini, wakute meza tupu kama mtu asiye na kazi.

kokoto nyeusi
Ndo maana wanasema si upo nyumbani tu 😂 pole ndugu

Mhamiaji Ohio
Huku Columbus mambo ni kinyume, mwenye nyumba hatakiwi awepo kabisa. Tuliuza 2021, mimi na mke wote tunafanyia kazi nyumbani wakati ule wa korona, wakala kaweka kiboksi chenye ufunguo mlangoni, anatuma meseji saa 8 mchana wanakuja watu nusu saa, tokeni. Tunatoka na watoto na laptopu mbili, nimefanya mitingi nyingi tu nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, mke kiti cha mbele mimi cha nyuma, kila mtu anaongea na bosi wake. Tukaambiwa tuondoe picha za familia ukutani na tusipike samaki. Kusema kweli iliuma zaidi ya hao wapimaji wa hatua, unarudi unakuta harufu ya marashi ya watu usiowajua chumbani kwako na hujui wamesema nini. Ila iliuzwa haraka na kwa bei juu ya tuliyotaja, mwaka ule nyumba zilikuwa zinagombaniwa.

mama wawili
Mimi ya kwanza niliuza Mei 2024, ile wiki nyaya za chini ya bahari zilikatika mtandao ukawa unajikongoja nchi nzima. Kazi hakuna, meseji yenyewe inazunguka tu. Walikuja watu nikawatembeza mwenyewe polepole, nikawaonyesha hadi mti wa mwembe unaozaa mara mbili, wa tatu akanunua. Nawaza labda wengine wote niliwafukuza kwa sura.

Kitinda Mimba
Nimesoma zote nikawa najishauri niandike au niache. Acha niandike, humu hatujuani.

Mimi niko Kimara kwenye nyumba ya baba. Mzee alifariki, tuko wanne, dada mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, wakakubaliana iuzwe tugawane, nasema wakakubaliana kwa sababu mimi nilinyamaza na kunyamaza kukahesabiwa. Natafsiri nyaraka, nalipwa kwa neno, meza yangu iko kwenye chumba alichokuwa analala mzee miaka yake miwili ya mwisho, dirisha hilohilo. Kaka na dada wanatuma watu bila kuniambia, kila mmoja na dalali wake, naweza kupata makundi matatu siku moja nikiwa na dedilaini ya jioni. Kwao kila mmoja ana kwake, mimi ndo niliyemo.

Basi nikaanza kuwaharibia. Sikusema uongo hata mara moja, na hilo ndo linanisumbua. Kimara swali la kwanza la kila mnunuzi ni alama ya X, ile wanayochora kwenye nyumba ya kubomolewa, bomoabomoa ya 2017 ya barabara ya Morogoro haijawatoka watu. Nyumba ya mzee iko mbali kabisa na barabara, haijawahi kuguswa. Wakiniuliza mmewekewa X, nilikuwa najibu "mpaka sasa hapana". Hiyo "mpaka sasa" ikafanya kazi kubwa. Wakiuliza maji yanaingia masika nasema "mwaka huu hayakuingia". Hayajawahi kuingia mwaka wowote. Wakiniona naandika wananiuliza wewe ni mpangaji, nasema nipo nipo tu.

Miezi saba hivyo. Halafu akaja mama mmoja na binti yake, wakaingia chumba cha mzee, yule mama akasema hapa tutavunja ukuta tuunganishe na sebule. Binti akaniangalia mimi na makaratasi yangu, akamwambia mama yake taratibu, "mama, kaka anafanya kazi, tutarudi". Wakatoka. Wakakaa kwenye gari nje karibu saa nzima mpaka nilipomaliza. Walivyorudi wakauliza X. Nikawajibu sawasawa, na masika nikawajibu sawasawa. Hawakununua, walipata Kibamba karibu na shule ya mtoto. Ila tangu siku hiyo sijamjibu mtu "mpaka sasa" tena, na dada nimempigia nikamwambia kama anataka iuzwe watu waje jioni, na nimeomba nipewe miezi mitatu ya kuhama ikishauzwa. Ya kwanza amekubali. Ya pili wanakaa kikao.

Mzee wa Goba
Hiyo ya pili iandikwe kwenye mkataba wa mauziano kijana wangu, usiishie kikaoni.

Bint Segerea
Kitinda Mimba umeniliza na mimi nina zamu baada ya dakika 20. Mzee wa Goba nimechukua utaratibu wako, leo nimemwambia dalali video kwanza, kanuna, kasema wateja wa siku hizi hawapendi video. Nikamuuliza anawatoza shingapi kuja kuona. Amekata simu.

kokoto nyeusi
Kaka wa Kimara, naulizia kweli sio utani, hiyo nyumba bei gani? Natafuta upande huo tangu mwaka jana.

Kitinda Mimba
Bei anayo dada, nitakupa namba yake inboksi. Kuiona njoo siku yoyote ila baada ya saa 10, kabla ya hapo nipo kazini.