Mrejesho: Kujiona duni mbele ya wenzangu

Wakuu, habari za siku. Niliomba ushauri hapa, nifanyeje niache kujiona sina thamani mbele ya watu niliosoma nao. Asanteni sana, hasa dada aliyesema nianze na kutimiza ahadi ndogo na kusema kweli hata ikiniuma.

Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Sasa nguo yenye tundu au zipu mbovu namwonyesha mteja kabla hajalipa. Wapo wanaoondoka, na siku nyingine mauzo yanapungua kweli. Lakini nikifunga jioni najiheshimu, na wateja wameanza kuniletea ndugu zao. Kujisifia mbele ya kioo hakukunisaidia. Kwenye harusi, wenzangu wakianza kutaja viwanja na magari, bado nanywea. Hilo naendelea kupambana nalo.