Mtoto wa kulea asipoonekana: walezi wa Uganda, tupeane uzoefu

Mlezi wa Isingiro
Walezi wenzangu, hamjambo. Wengine tunalea watoto tuliokabidhiwa na probesheni (ofisi ya ustawi wa watoto ya wilaya), na wenzetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II wanalea watoto waliovuka kutoka Kongo bila wazazi. Tuweke hapa tunachokijua kuhusu saa za kwanza mtoto asipoonekana. Majina ya watoto na visa vyao tusivilete.

Naanza na kosa linaloumiza kuliko yote, kungoja saa 24. Hakuna sheria ya kungoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10, tafuta robo saa tu kisha toa taarifa huku wengine wakiendelea kutafuta. Anza ndani: chini ya kitanda, stoo, nyuma ya magunia, ndani ya gari la jirani. Watoto hujificha kwa woga wakalala hukohuko. Ukitoka nje, maji kwanza: kisima, bwawa la ng'ombe, mashimo ya matofali yaliyojaa mvua, shimo la choo lisilofunikwa. Barabara baadaye. Aliye barabarani utamkuta bado anatembea, aliye majini hana muda huo. Na mtu mmoja abaki nyumbani na simu yenye chaji, kwa sababu wengi hurudi wenyewe wakakuta mlango umefungwa.

Mama wa Busia
Asante ndugu. Upande wa taarifa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwanza, maana yeye ndiye mwenye kizindaalo, kipaza sauti cha kijiji, na anawajua vijana wa kutafuta. Kumbuka pia kwamba kwenye halmashauri ya LC, makamu mwenyekiti ndiye anayeshughulikia mambo ya watoto. Mtu mwingine aende polisi wakati huohuo, msingojane. Huko polisi, omba taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio cha kituo (SD) na usiondoke bila namba ya SD. Bila namba hiyo, kila kituo utakachokwenda utaanza upya. Uliza Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia, hao ndio wenye kazi hiyo.

Kisha mpigie afisa wa probesheni wa wilaya siku hiyohiyo. Najua walezi wanaogopa kwamba watanyang'anywa mtoto. Lakini afisa ana faili lenye majina ya ndugu ambayo wewe huna, na kimya chako ndicho kitakachokugharimu. Walio makazi ya wakimbizi wamwone kiongozi wa wakimbizi wa kijiji na ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi) pia. Namba 116 ni bure, ni ya watoto, na itakusaidia ukikosa wa kumpigia usiku.

Mwalimu Mstaafu
Mengi ya haya hushindikana kwa sababu mlezi anaulizwa "alivaa nini?" na hakumbuki. Kuwe na ukurasa mmoja kwenye daftari kwa kila mtoto. Andika jina la kwenye hati na jina analoitikia, mara nyingi si moja. Andika urefu kwa sentimita, na uupime kila miezi mitatu kwenye mwimo wa mlango. Makovu na alama. Dawa anayotumia na saa yake. Kama ana simu, bonyeza *#06# uandike zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu yenyewe (IMEI), maana laini hubadilishwa ila namba hiyo hubaki. Picha mbili kila mwezi, ya uso na ya mwili mzima. Picha ya miaka miwili iliyopita ni ya mtoto mwingine.

Andika na lugha anazozielewa. Mtoto wa Karamoja akipotelea Mbarara, au wa Rutshuru akipotelea Masaka, ataulizwa kwa lugha asiyoijua, atanyamaza, na watu watadhani ni bubu au mkaidi.

Boda wa Stegi
Wazee, watoto wa kulea wengi hawakimbii tu, wanaelekea mahali. Kwa mama, kwa bibi, kwa kaka aliyewekwa nyumba nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani alitajwa wiki hii: simu iliyopigwa, sikukuu, habari ya msiba. Stegi ya boda (kituo cha pikipiki) iliyo karibu na kwako waonyesheni picha mapema, kisha wakuu wa stendi za teksi na wakata tiketi wa mabasi. Kama kwao ni Kongo, piga simu Kisoro upande wa Bunagana kabla hajafika. Mtoto asiye na nauli hupewa lifti na malori, kwa hiyo waulizeni pia madereva wanaolala njiani.

Mama wa Busia
Neno kuhusu WhatsApp. Polisi wakikubali tangazo, weka picha, umri, nguo, mahali alipoonekana mwisho, na namba moja tu ya simu pamoja na ya kituo. Usiandike kwamba ni yatima, mkimbizi au mtoto wa kulea. Unamwambia mwenye nia mbaya kwamba huyu hana wa kumtetea. Ugonjwa wake pia usiutaje, sema tu ana dawa ya kila siku. Alama moja ya mwilini ifiche. Atakayepiga akidai pesa kwa simu ili amrudishe, muulize alama hiyo, usitume hata shilingi, na upeleke namba yake polisi.

Nesi wa Zamu
Akirudi, naomba sana, asipokelewe kwa fimbo wala maswali mbele ya majirani. Maji, chakula, mahali pa kulala. Mtoto aliyepigwa siku ya kurudi, safari ijayo ataondoka bila kuacha dalili. Maswali yaje baadaye, mkiwa wawili tu, na uanze na "ulipata kula?"

Mkihofia kwamba amenajisiwa, asioge wala kubadilisha nguo nyumbani. Kama ameshabadilisha, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si kaveera (mfuko wa plastiki), maana unyevu huharibu ushahidi. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Fomu ya polisi kwa kesi hizi ni PF3A. Kama fomu inachelewa, nendeni kituo cha afya kwanza, dawa ianze, fomu ifuate.

Mlezi wa Isingiro
Nesi, ubarikiwe. Swali: akishapatikana, ile SD inaisha yenyewe?

Mama wa Busia
Haiishi. Rudi kituoni na mtoto ifungwe, umjulishe probesheni na LC1, na tangazo lifutwe kila kundi lilikopita. Usipofanya hivyo, mtoto atakamatwa sokoni na msamaria miezi mitatu baadaye, apelekwe kituo cha mbali akilia.