Mimi ni mlokole na napinga serikali kufundisha uumbaji kwenye baiolojia, tujadili

Wakuu, kuna hoja naisikia sana kanisani kwetu na hata kwa ndugu zangu walioko Marekani, kwamba mahakama za kule zimemfukuza Mungu shuleni, na kwamba kama wazazi wengi wa mji fulani wanataka watoto wafundishwe uumbaji kwenye baiolojia basi wapewe, si ndo demokrasia yenyewe? Mimi naamini Mungu kaumba mbingu na nchi, sina shaka na hilo, na bado nasema hapana.

Kwanza tuwekane sawa. Katiba ya Marekani haimkatazi mtu kuamini uumbaji wala kuuhubiri, inayobanwa ni serikali. Marekebisho ya kwanza ya 1791 yanasema Bunge lisitunge sheria ya kuanzisha dini wala ya kumzuia mtu kuabudu, baadae mahakama zikasema hilo linayahusu na majimbo, na mwalimu wa shule ya umma akisimama darasani analipwa kwa kodi ya kila mtu, kwaiyo anachofundisha kinahesabika ni sauti ya serikali. Ugomvi wote uko hapo.

Na ata chanzo chake watu wanakigeuza. Jimbo la Tennessee 1925, ni serikali ndo ilikataza kufundisha kwamba binadamu katokana na wanyama, mwalimu John Scopes akashtakiwa pale Dayton akapigwa faini ya dola 100. Sheria ya Arkansas ya namna hiyo hiyo ilikuja kufutwa na Mahakama ya Juu 1968. Louisiana wakaja na mbinu nyingine, ukifundisha evolusheni (kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi) lazima ufundishe na "sayansi ya uumbaji", yaani uumbaji uliopangwa kama somo la sayansi, nayo 1987 ikaangushwa, majaji 7 kwa 2.

Lakini kesi iliyonibadilisha mimi ni ya Dover, Pennsylvania, 2005. Bodi ya shule iliagiza wanafunzi wa darasa la tisa wasomewe tamko fupi kabla ya kuanza evolusheni, kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo na kuna maelezo mengine, kwamba viumbe vimebuniwa na mwenye akili, kitabu chake kipo, anayetaka akasome. Walimu wa baiolojia wakagoma kulisoma! Ikabidi viongozi wa elimu waingie darasani wenyewe, wasome karatasi, watoke, na maswali hakuna. Hebu fikiria mtoto wa miaka 14 amekaa pale, anasomewa kitu kinachogusa imani yake na haruhusiwi kuuliza. Hiyo sio sayansi na kwa kweli sio Injili pia, mimi nilipookoka niliuliza maswali mpaka mchungaji akachoka.

Wazazi 11 wakafungua kesi. Mahakamani zikaletwa rasimu za kile kitabu, ikaonekana baada ya hukumu ya 1987 waliondoa neno la "waumini wa uumbaji" wakaweka "watetezi wa ubunifu", na sehemu moja aliyekuwa anabadilisha akakosea, herufi za neno jipya zimekaa katikati ya neno la zamani lisilofutika vizuri. Nilivyosoma hilo niliumia, kwasababu sisi tunaosema tunamtetea Mungu wa kweli tunabadilishaje jina la imani yetu ili ipite mlangoni? Jaji John Jones, aliyeteuliwa na George W. Bush, akaamua kwamba ile ni dini imevalishwa nguo za sayansi. Hakusema Mungu hayupo. Shahidi mkubwa wa wazazi, mwanabaiolojia Kenneth Miller, ni Mkatoliki. Na nyie wa "wengi wape", wapigakura wa Dover wenyewe waliiondoa bodi ile kabla hukumu haijatoka, alafu wilaya ikabaki na bili ya mawakili ya dola milioni 1.

Kuna mkuu kauliza mbona Bongo tuna kipindi cha dini na nchi haijapasuka. Ni kweli mkuu, ila kumbuka kilivyokuwa, kengele ikigonga Waislamu wanaenda darasa lao, Wakristo lao, anafundisha ustadhi au katekista, na Katiba yetu ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Kikiisha mnarudi, mwalimu wa baiolojia anaendelea na evolusheni ya fomu foo. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba mwanzo wa viumbe kwenye mtihani ni kwa tafsiri ya dhehebu fulani.

Mwingine kasema fundisheni vyote viwili mtoto achague. Vyote viwili vipi? Kuna ya kwamba dunia ina miaka 6,000, kuna ya kwamba siku za uumbaji zina maana ya vipindi virefu, kuna ya Waislamu, ya Wahindu, ya Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani. Lazima serikali ichague. Louisiana ile ile, 2024 imepitisha sheria Amri Kumi zibandikwe kila darasa la shule ya umma, maneno yenyewe yameandikwa ndani ya sheria. Sasa Wakatoliki na Waprotestanti wengi hatuhesabu Amri Kumi sawa, ile ya sanamu kwetu inasimama peke yake ni ya pili, kwao imo ndani ya ya kwanza. Nani kampa mbunge kazi ya kutuamulia hilo?