Betri inalala kwenye dizeli ya zamani: wewe mwizi ulimkamatia wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, nataka tukusanye visa vya betri kuishiwa chaji gari likiwa limezimwa, hasa haya madizeli ya zamani ya pampu isiyo na kompyuta. Naanza na langu.

Nikiliegesha siku mbili, asubuhi ya tatu nazungusha ufunguo nasikia "tik" moja tu ya stata (mota ya kuzungushia injini iwake), basi. Nikanunua betri mpya. Wiki mbili mbele, mchezo uleule. Ndipo nikaacha kununua nikaanza kupima, jambo ambalo ningelifanya mwanzo nisingeumia.

Betri niliichaji ikajaa, nikaiacha siku mbili haijaunganishwa: volti 12.6, haijatikisika. Nikaiunganisha siku mbili nyingine: 12.3. Kwa hiyo betri haina kosa, kuna anayekunywa. Nikafungua waya wa hasi, nikaweka mita katikati ya waya na kichwa cha betri, kwenye tundu la ampea 10. Ikasoma 0.48. Gari lenye saa na redio tu halitakiwi kuzidi 0.05. Piga hesabu: 0.48 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 11 na nusu kila siku. Betri ya ampea-saa 70 siku ya tatu imebaki nusu, na dizeli haina utani na nusu. Mgandamizo ule unataka stata izunguke kwa nguvu.

Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Zote. Mita imekaza palepale. Nilishinda hapo hadi jioni nikilaumu mita, mpaka nilipoegemea injini na kiganja kikatua kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Injini haijawaka tangu jana yake, vyuma vyote vya baridi, ila altaneta ina uvuguvugu. Nikafungua ule waya wake mnene (hasi ikiwa nje kwanza, msije mkalamba cheche), nikarudisha mita: 0.02. Daiodi ya ndani yake, inayotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, ilikuwa inavujisha. Waya ule hauendi kwenye fyuzi za ndani, unakwenda moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana nilichomoa fyuzi bure.

Haya, karibuni.

Jibu la 1

Mimi yangu haikusubiri siku mbili. Nimezima jioni, nimerudi baada ya chakula nichukue kitu, hata taa ya ndani haiwaki. Kufungua boneti, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya plagi za kupasha injini huwezi kuishika, inaunguza. Vidole vyake vya ndani vilikuwa vimeshikana, ufunguo umetoka lakini plagi zinaendelea kupashwa. Plagi nne zinaweza kuvuta ampea 40, sasa betri gani itavumilia? Na plagi mbili zilikufa kwenye ajali hiyo.

Nyongeza kwa wanaopima kama mleta mada: mita ikiwa katikati ya waya wa hasi, USIGUSE ufunguo. Mimi niliwasha swichi "kidogo tu nione", plagi zikavuta, fyuzi ya mita ikaenda. Stata ndiyo usiithubutu kabisa.

Jibu la 2

Lori la volti 24, betri mbili zimefuatana. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alifunga redio ya volti 12, akaichomekea kwenye betri moja tu. Kila baada ya miezi kadhaa tunabadilisha betri, na inayokufa ni ileile ya upande wa redio. Ya pili nayo ilikuwa inamaliza maji, tukadhani altaneta inazidisha chaji. Kumbe altaneta inaziona betri mbili kama kitu kimoja: moja inanyonywa na redio, nyingine inabebeshwa isichohitaji. Tulipima kila moja peke yake, moja 12.9, nyingine 12.0. Hapo hata fundi alicheka. Tukafunga kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, redio ikahamia huko.

Nasema hivi: kwenye gari la zamani, kabla hujashuku kiwanda, fuata waya zilizoongezwa. Ukiona mkanda mweusi wa plastiki umezungushwa ovyo chini ya dashibodi, anzia hapo.

Jibu la 3

Taa ya kisanduku cha mbele ya abiria. Niliweka simu inarekodi video, nikafunga kifuniko. Mwanga mwanzo mwisho. Taa ndogo ya wati 5 ni karibu ampea 0.4, haina tofauti na daiodi ya mleta mada.

Jibu la 4

Naomba nipingane kidogo. Si kila betri inayolala inaibiwa, nyingine hailishwi. Langu lilikuwa linasukumwa kila asubuhi, likishawaka linatembea kutwa bila shida, maana dizeli ya aina hii ikiwaka haihitaji umeme mwingi kuendelea. Nikatafuta uvujaji mwezi mzima. Kumbe balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi ilikuwa imeungua, na kwa altaneta yangu umeme wa kuiamsha unapita kwenye balbu hiyohiyo. Taa haiwaki, nami nikaona raha kwamba hakuna onyo! Ukiwasha swichi kabla ya stata na taa ile haionekani, hilo nalo ni tatizo. Injini ikiwaka pima kwenye betri: inatakiwa kama 13.8 hadi 14.4. Mimi nilikuwa nasoma 12.1.

Jibu la 5

Swali kwa mleta mada: ulipimaje fyuzi za ndani mlango ukiwa wazi? Si taa ya mlango inawaka na kukudanganya?

Mleta mada

Mkuu, umegusa penyewe, mara ya kwanza ilinidanganya. Nilisukuma komeo la mlango kwa bisibisi likajifunga kama mlango umefungwa, taa ikazima, ndipo nikaanza kusoma. Kama gari lako swichi ni ya kitufe kwenye fremu, kibane kwa mkanda.

Na Jibu la 4 nakubali, kupima chaji kungetangulia. Mimi yangu ilikuwa 14.2 nikajua huko hakuna tatizo.

Daiodi zimebadilishwa. Leo asubuhi ni siku ya tano limeegeshwa, betri 12.6, limewaka mkupuo mmoja. Saa ya dashibodi bado inachelewa dakika nne, hiyo nimeisamehe.