Tupeane uzoefu: kilo za altrasaundi na kilo za mizani kwa mama mwenye kisukari cha mimba

Mama Nuru: Ndugu zangu, katika wiki ya 26 ya ujauzito nilinyweshwa gramu 75 za glukosi, na baada ya saa moja sukari ikasoma 10.8 ilhali haikutakiwa kufika 10.0. Wiki ya 38 altrasaundi ilikadiria kuwa mtoto ana kilo 4.2, nikaandaliwa kwa upasuaji. Siku tatu baadaye mizani ilisoma kilo 3.7. Waliopitia hali hii naomba waeleze walichoambiwa na walichokikuta.

Mama Wawili: Kwangu ilikuwa kinyume. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikataa kushuka chini ya 6. Mtoto alikadiriwa kilo 3.8, akazaliwa na 4.4, kichwa kilipokwisha kutoka mabega yakakwama, wakunga wakanikunja mapaja hadi tumboni ndipo akatoka. Alikuwa mzima, ila sukari yake ilishuka ndani ya saa mbili.

Mkunga Mstaafu: Poleni, wanangu. Altrasaundi haipimi uzito. Hupima kichwa, mzingo wa tumbo na mfupa wa paja, kisha kanuni, mara nyingi ile ya Hadlock ya mwaka 1985, hugeuza vipimo hivyo kuwa gramu. Kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 si ajabu, hivyo mtoto wa "kilo 4" anaweza kuzaliwa na 3.5 au 4.5. Kwenu kuna jambo la ziada: glukosi ya mama huvuka kondo la nyuma lakini insulini yake haivuki, kwa hiyo kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, nayo humjazia mafuta tumboni na mabegani hata kama kichwa ni cha kawaida. Ndiyo maana mimi nilikuwa nikisoma mzingo wa tumbo kabla ya kilo, tena nikiulinganisha na wa wiki zilizotangulia. Utepe wa kupimia juu ya tumbo la mama nao hudanganywa na maji mengi yanayomzunguka mtoto, ambayo wenye kisukari huyapata mara kwa mara.

Bi Tatu: Nilikadiriwa 4.0, akazaliwa na 3.9. Nilikuwa nikidunga insulini tangu wiki ya 30.

Mama Nuru: Ahsante, Mama Mkunga. Nimeitoa karatasi yangu: mzingo wa tumbo la mtoto uliandikwa humo, ila aliyenipima alinisomea kilo tu. Wenzangu, ninyi mlipimwa mara ngapi baada ya wiki ya 30?